Udongo wa Debe la Mama

Usagara, Tanga,
14 Aprili 1995.

Mpendwa kaka Amour,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi Maryam na watoto hamjambo huko Maskati, na lile jipu la mgongoni limepona. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Miguu ya mama ndiyo inayomsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa. Jana kamtoa mbio muuza samaki.

Maikrowevu uliyotuma ilifika salama. Jirani yetu Bi Mwanasiti aliuliza kama inashika televisheni ya Unguja. Chakula sijapikia. Nilifuata ulivyoniandikia kuhusu wataalamu wa shamba unalofanyia kazi: udongo wenye unyevu kidogo, bakuli la plastiki, dakika chache mpaka utoe mvuke, maradhi na mbegu za magugu zife. Umeme wa mgao ukirudi tu, mimi na udongo wangu. Mwaka jana nyanya zilininyaukia zote. Mwaka huu haujafa hata mche mmoja!

Hapo ndipo kiherehere kiliponiponza. Unalikumbuka lile debe la mrehani uani, alilokuja nalo mama kutoka Wete alipoolewa, na udongo wa kwao ndani yake? Kiangazi mrehani ulikauka kama kawaida, debe likajaa magugu ya ndago. Mama alikuwa Maramba kwa mama mdogo. Nikasema nimfurahishe. Nikaupika udongo wote, bakuli baada ya bakuli, nikaurudisha debeni.

Nilidhani mbegu anazo kwenye kikopo, kama za mchicha. Kumbe hajapata kuupanda. Mrehani ule huangusha mbegu wenyewe, masika ukaota. Tangu nina akili namwona akisubiri mvua tu, na sikuwahi kujiuliza.

Mvua ina wiki ya tatu sasa. Hakijaota kitu, hata ndago. Kila asubuhi mama anaketi kando ya debe, anasema mvua bado haijakolea. Nimetaka kumwambia, nimeshindwa. Ningenunua mche sokoni, lakini harufu ya mrehani wa kwao anaijua. Najuta, kaka.

Ulipoondoka miaka mitatu iliyopita alikufungia maua makavu ya mrehani ule kwenye leso. Kama unayo bado, nakuomba usiikung'ute wala usiifue, huenda mbegu zimebaki ndani. Nitumie hivyo hivyo.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Mjomba Shaib anakusalimu. Mama naye anakusalimu. Anasema mrehani ukiota atakutumia mwingine, maana ule wa kwenye leso utakuwa umekwisha harufu.

Mungu akuhifadhi na akufungulie njia ya kuja kutuona.

Mdogo wako akupendaye, na leo mwenye haya,
Tuhfa