Nilimwambia Shangazi Riba Itashuka

Ijumaa. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimeamka sijipendi.

Jana Benki Kuu ilitangaza kwamba riba inabaki palepale. Wana wasiwasi na bei ya mafuta, wanaogopa mfumuko wa bei usije ukaamka tena. Mimi niliandika humu bloguni kwamba huenda wakaishusha. Hata grafu nilichora. Wasomaji wawili watatu wamenitania kwenye maoni, na sina kinyongo nao. Anayetabiri hukosea.

Kinachoniuma si hicho.

Humu niliandika "huenda". Kwa Shangazi Zuhura nilisema "itashuka".

Shangazi anashona sare za shule kwenye baraza la watu, Mirongo. Mvua ikija anafunika cherehani kwa turubai na kujibanza mlangoni kwa watu kama mgeni. Mwezi uliopita ilipatikana fremu ya duka mtaa huohuo, yenye dirisha na umeme wake. Alitaka kukopa kwenye saccos yao ya akina mama ili alipe kodi. Akaniuliza mimi kwanza, maana ndimi niliyesomea uchumi kwenye ukoo wetu.

"Subiri kidogo, Shangazi, riba itashuka." Nilisema hivyo huku nakula wali wake.

Akasubiri. Wiki iliyopita fremu ikachukuliwa na muuza simu.

Leo mchana nilipita kumsalimia, nimejiandaa kulaumiwa. Hata shikamoo sijaimaliza vizuri, akamgeukia mteja wake.

"Marahaba. Huyu ndiye mwenyewe! Hesabu zake alipiga vizuri kabisa, hao wazee wa Benki Kuu ndio wamemgeuka dakika za mwisho."

"Basi profesa, tuambie na sukari inashuka lini," mteja akasema.

Wakacheka. Nami nikacheka.



Riba ya saccos yao wanaipanga wanachama wenyewe kwenye mkutano wao. Benki Kuu ishushe, ipandishe, yao isingetikisika. Nilijua. Nilijua hata wakati ule nina kijiko mkononi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kutaka kuamua jambo la maisha yake kwa neno langu, na nikaona vibaya kumwambia kwamba neno langu halimhusu. Nilitaka utabiri wangu uwe na kazi.

Ukaifanya.

Sasa hivi ameniandikia. Ameonyeshwa fremu nyingine, Mkolani, mbali na wateja wake wote. "Mwanangu, kikao kijacho hao wazee watashusha kweli? Nisubiri?"

Nimeandika "sijui", nikafuta. Ni neno la kweli, lakini leo lingekuwa pa kujifichia. Angeniombea Mungu anizidishie akili, na mambo yangeishia hapo.

Asubuhi nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia, hata kama yule mteja atakuwepo, kwamba mkopo wake haukuwa na cha kungoja kutoka Benki Kuu, na kwamba nilijua. Ya Mkolani ataamua yeye.

Lawama naziweza. Ninachoogopa ni kwamba atanisamehe kabla sijamaliza kusema.