Mibuni Kumi na Mmoja ya Dada Tusajigwe

Jumatatu, 4 Novemba 1957

Rungwe, kwa kazi ya ofisi ya kilimo. Dada Tusajigwe, mwenyeji wangu, amenipikia ndizi na maharage – Mungu ambariki! Mumewe yuko migodini Kitwe. Kamwachia mibuni mia tatu katika shamba la baba mkwe, Mzee Anania. Mzee kasema wazi: kahawa ikifa, shamba analichukua na mkwe arudi kwao.

Majani yana kutu, ule ugonjwa wa kahawa. Dawa ya shaba imefika toka Mbeya, unga wa kijani. Nimeukoroga – hauyeyuki! Umezama wote chini. Umeharibika njiani, hakika. Bahati nzuri nina chupa ya kloridi ya shaba, nimeitoa kabatini ofisini. Chembe nzuri kama chumvi ya mawe, za bluu-kijani. Maji kidogo, zinakuwa kijani. Ukiongeza, bluu safi. Zimeyeyuka zote! Nimeziacha kwenye debe. Kesho tunapiga.

Jumanne, 5 Novemba

Siku imepotea! Pampu inataka watu wawili, mmoja asukume, mwingine ashike mpira. Tumefika mti wa kumi na moja, Mzee Anania akatokea njiani. Dada akatupa mpira, mbio migombani! Hapa mke wa mwana haonani na baba mkwe, hata jina lake hamtaji. Na mzee akakaa pale pale kupiga soga na jirani mpaka mvua ikanyesha. Nimechukia sana. Kwetu Iringa mkwe unamsalimia, unaendelea na kazi.

Alhamisi, 7 Novemba

Majani yameungua. Miti yote kumi na mmoja, kahawia tupu. Debe linavuja – chini limetoboka, ndani limepakwa wekundu wa shaba. Ni ile dawa yangu.

Dada hakunigombeza. Kasema tu, polepole, kwamba Mungu ashukuriwe si mia tatu. Nimekwenda mtoni kunawa uso, kumbe nalia.

Ijumaa, 8 Novemba

Tukuyu, kwa mkubwa wangu, Bwana Yotamu. Nilijua kazi sina tena. Akachukua msumari, akautia katika maji ya zile chembe. Akautoa mwekundu! Mwingine akautia katika maji ya unga. Ukatoka kama ulivyoingia.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Chembe zinatoa shaba yote kwa mara moja – zinakula chuma, zinaunguza jani. Kazi ya chembe hizo ni maabara, na viwandani kutia nguo rangi. Unga nao ni shaba na klorini vilevile, lakini haupaswi kuyeyuka! Unang'ang'ania jani, unatoa shaba kidogo kidogo kila umande ukiugusa. Kutu inakufa, jani linabaki. Ni kuutikisa tu wakati wote usizame. Nami nikaudhania umeharibika!

Na ile miti? Mashina ni mazima, itachipua, kasema. Ila kesho nikamwambie mwenye shamba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asante, Bwana Yotamu. Asante hata kwa Mzee Anania na mwiko wake – asingetokea njiani, tungeunguza shamba zima.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandikia hapa hapa shambani.

Mzee alifika asubuhi, akaiona miti, akasema mkwe wake ameua kahawa. Dada yuko migombani, anasikia yote, hawezi kujitetea mbele yake. Nikasema: si yeye, Baba, ni mimi. Yeye alifuata nilivyomwelekeza. Nikamwonyesha debe, nikamweleza habari ya chembe na unga. Akachungulia ndani muda mrefu. Akaondoka kuwaita nduguze.

Dada akaniuliza toka nyuma ya migomba kama nimesema yote. Nimesema yote. "Ndaga fijo," akasema. Ananishukuru mimi! Mtu niliyemponza!

Sauti za wanaume sasa. Watatu, wanne. Wamesimama nje ya shamba, hawaingii. Mzee anakohoa – kikohozi kirefu, cha makusudi, kile wazee wa huku wanachotoa ili mke wa mwana ajue wanakuja, apate kujificha. Anakohoa tena. Anangoja.

Migomba imetikisika, dada anarudi nyuma zaidi.

Mtu unayekwenda kumfukuza, unamkoholea hivyo, kwa heshima? Sijui. Wanaingia –