Mbwa wa Bujiku

Shikamoo shangazi Salvina,

Hili sijamwambia mtu. Katika kazi yangu ya kutunza mbwa wa watu wakisafiri, naona aibu kutaja bei. Bujiku, yule mnunuzi wa dhahabu, alipoleta mbwa wake, nikamwambia, "Utakachoona tu, bosi."

Akacheka. "Haya. Ila akipotea, bei nataja mimi." Macho yake yalikuwa kwa ng'ombe wetu wa pekee.

Jana mbwa alikata kamba. Nimemtafuta hadi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, hayupo. Baba hajui, na Bujiku anarudi leo. Njoo shangazi, wewe baba anakusikiliza. Mahindi yamestawi, mama hajambo.

Nasikia viatu uani, Bujiku kafika. Baba anaita, "Vumilia! Mlete mbwa wa watu!" Anakuja mlangoni. Naificha hii chini ya godoro.