Tambuu Isiyo na Dawa

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimemwagilia mitambuu tangu alfajiri hadi saa tatu. Maji ya kisima yameshuka, kamba imebidi niiunge. Jua la kaskazi hili halina huruma hata kidogo. Ila ardhi chini ya makumbi ya nazi ina unyevu bado, hilo sikatai. Bi Kadzo, afisa wa kilimo, ndiye aliyenifundisha kuyatandaza. Mwanzo nilimcheka. Mtu wa Kaloleni, bara huko, anifundishe mimi mtambuu, na shamba hili la Tudor alilianza babu yangu! Sasa namwagilia mara moja kwa siku badala ya mbili. Nimenyamaza.

Tangu Disemba sijapuliza dawa ya wadudu. Tambuu yatafunwa mbichi, dawa na mate vyaenda pamoja tumboni. Twalibu, muuza tambuu wa mtaa wa Ndia Kuu, ametundika kipande cha boksi: TAMBUU YA ATHUMANI, HAINA DAWA. Kila nikipita pale najiona mtu.

Jumatano, 8 Machi

Vidudu vyeupe. Chini ya majani, kama unga wa muhogo. Nimegeuza jani moja, la pili, la kumi. Vimo.

Bi Maimuna, jirani yetu hapa mtaani Kuze, apeleka posa ya mwanawe Ijumaa ya wiki ijayo. Majani ya tambuu ya siniya ya posa yatoka kwangu. Nimeahidi mbele ya watu, na mamangu ameahidi mara mbili yangu. Posa yenye tambuu mbovu ni aibu, na Kuze aibu kama hiyo husimuliwa mpaka wajukuu. Sina raha.

Alhamisi, 9 Machi

Bi Kadzo kaja. Katazama. Kasema tukate matawi yaliyozidiwa, tutwange majani ya mwarobaini, tuyaloweke, tutie sabuni, tupulize jua likishapoa. "Mengine utayapoteza, kaka. Lakini ngoja. Usikimbilie kopo la dawa."

Ngoja, ngoja. Yeye hana posa.

Jumamosi, 11 Machi

Mjinga mimi. Jana nilipuliza mwarobaini jioni kama nilivyoambiwa. Leo nikaona wachelewa, nikatwanga mwingine mzito nikapuliza saa sita mchana. Majani ya juu yameungua, yamefanya madoa ya kahawia. Vidudu vyatembea juu ya madoa. Nimeipiga ndoo teke, na kidole cha mguu kimevimba.

Jumapili, 12 Machi

Mama kaniuliza habari za majani mara tatu. Mara ya tatu nikamjibu kwa ukali, kisha nikaona haya.

Kila kikapu kikiingia nyumbani, yeye hula jani la kwanza. Hukaa barazani makusudi, majirani wamwone. Akisema "njema", basi Kuze yote yanunua. Hao wateja si wangu, ni wake. Na Ijumaa hiyo yaja.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepuliza.

Kopo la zamani, lilikuwa chini ya magunia. Hakuna aliyeniona ila kaa wa ufuoni, chini ya shamba. Mtambuu mmoja wa kisimani sikuugusa. Huo ni wa mama. Nimefunga mlango wa shamba nikarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nanusa mikono.

Jumanne, 14 Machi

Vidudu vimekufa. Majani yang'aa. Nimefurahi kidogo, halafu roho ikaanza kunisuta. Nilipotoka sokoni nilizunguka vichochoro nisipite kwa Twalibu.

Jumatano, 15 Machi

Nakaa, nainuka. Bi Kadzo alipita shambani, kageuza majani, uso wote kicheko. "Waona? Mwarobaini wafanya kazi!" Nikaitikia. Nikamshukuru! Lo, uso huu.

Najiambia ni mara moja tu. Posa ipite, basi. Watu wa posa hula jani moja moja, haliwadhuru. Najua nasema upuuzi.

Alhamisi, 16 Machi

Niandike upesi kabla sijabadilisha maneno.

Nimechuma asubuhi. Kikapu nimekipanga mwenyewe: ya kisimani juu, mengine chini, kitambaa kibichi juu yake. Nafika nyumbani, Bi Maimuna yuko barazani na mama, siniya tayari mapajani. Nikampa mama jani la juu. Akalisukuma.

"Aa, hilo la juu ni la wageni. Jema lakaa chini."

Akachimba kikapu mpaka mwisho. Akatoa jani pana, akalisifu, akalipaka chokaa, akatia vipande vya kokwa ya popoo, akakunja. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati wa chokaa. Nilikuwa nayo wakati wa popoo. Sikusema. Lilipofika mdomoni nikalinyakua.

"Wanipokonya tambuu mdomoni, Athumani?"

Nikasema lina dawa. Yote yana dawa, nimepuliza Jumatatu.

Bi Maimuna akajifunika vizuri, akachukua siniya yake tupu, akaenda zake bila kuaga. Mama akasuuza vidole. Akaingia ndani. Afadhali angenitukana, wallahi.

Ijumaa, 17 Machi

Posa imekwenda na majani ya kutoka Likoni. Nimeyaona yakipita, membamba, ya manjano. Mama hakwenda. Katuma udhuru wa magoti. Magoti yake hayana neno.

Baada ya sala nimekwenda kwa Twalibu. Nilitaka kumvuta pembeni, nikaona hapana, nikamwambia mbele ya wateja. Akakishusha kile kipande cha boksi, akakikunja mara mbili. "Ungeniambia Jumatatu, yakhe." Mzee mmoja akatema alichokuwa nacho mdomoni.

Jumapili, 19 Machi

Nimekata majani yote yaliyopulizwa. Yote. Nimeyachimbia shimo mbali na kisima. Mitambuu imebaki vikonyo, shamba laonekana limenyolewa.

Kopo nimempa Bi Kadzo kwa mkono wangu, na lililobaki ndani. Hakupaza sauti. "Nilikusifu, kaka Athumani. Nawe ukanitazama tu." Kisha akaegesha baiskeli yake, akachukua panga la pili, tukakata pamoja mpaka alasiri.

Jumatano, 29 Machi

Mama hatafuni. Kijaluba chake cha tambuu kiko rafuni, hakifunguliwi. Nimemnunulia majani ya watu wengine, kasema ahsante, yamekauka palepale nilipoyaweka. Twasalimiana, twala, basi. Nyumba imenishinda. Nashinda shambani hata pasipo na kazi.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua zimeanza. Machipukizi yametoka kila pingili, mekundu mekundu. Vidudu vipo vichache, navitoa kwa mkono, na jua likipoa napuliza mwarobaini mwepesi. Makumbi nimeongeza. Sijauza hata jani moja. Twalibu hajaniita, nami sijamfuata.

Leo baada ya magharibi mama kaniuliza habari ya dawa, kwa mara ya kwanza. "Ni mara hiyo moja tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hata humu nimeandika ndiyo: tangu Disemba sijapuliza. Uongo. Mwezi wa Januari nilipuliza mitambuu ya pembeni, ukutani, nikachuma, nikaleta, naye akala jani la kwanza barazani, akasema njema. Sikuliandika kwa sababu niliona haya hata mbele ya daftari. Wiki ile ulimi wake ulifanya vidonda. Akalaumu chokaa. Akagombana na muuza chokaa hadi leo hawasemezani, nami nikasikiliza.

Nikamwambia yote, na habari ya ulimi.

Akaweka mkono juu ya goti. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakirudi makwao, wapiga kelele kichochoroni. Walipokwisha kupita akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akainuka, akaenda kunipakulia wali.