Shema Iliyosomwa kwa Phonie

Yaya Kasereka, kaka yangu,

Ampli yako inapiga.

Naanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kupokea salamu za Butembo nzima kabla ya kulisikia. Inapiga, haikwaruzi, haiunguzi tena transista, na Jumamosi imepiga harusi ya binti yako Masika kule Beni mpaka watu wamechoka wenyewe kucheza. Sasa tulia nikueleze.

Najua utanicheka kwa hiki Kiswahili cha kanisani. Ulizoea kusema, "Kahindo akishika bic, anakuwa muchungaji." Basi nivumilie, Yaya. Ya kusema ninayasema kwa mdomo kila siku nikiwa peke yangu kwenye atelye yetu ya redio. Ya leo nimetaka kuyaandika.

Tangu utuache, lile bati lililovuja juu ya meza yako nimelipigilia. Kavugho anauza majani ya sombe sokoni, na siku hizi mke wako huyo anacheka tena, kile kicheko chake cha kujifunika mdomo. Vita bado iko. Leo tunaambiwa wako huku, kesho wamesogea kule, na sisi tunaendelea kupika. Redio zinaletwa kuliko zamani, sababu kila mtu anataka habari. Mwanzoni wateja walikuwa wakiingia wanatazama nyuma yangu, kama wanakungoja utoke. Mimi pia nilikuwa natazama nyuma.

Lakini ampli sikuigusa. Niliifunika na kitenge, nikaiweka juu ya kabati. Kila nikiitazama nilikuwa nasikia homa yako ile, ile wiki ya mvua, wewe kitandani unaniuliza kama nimepata ile shema, mchoro wa nyaya zake... Basi. Sikuigusa.

Unakumbuka harusi ya Kalunguta? Mimi nacheka nikiikumbuka hata nikiwa njiani. Ampli ilipiga vizuri nyimbo za kwanza, halafu ikaanza kunuka, halafu moshi, halafu kimya, bibi harusi mguu mmoja bado uko juu. Wewe ukakamata beseni ya kuoshea sahani, ukaigeuza, ukaanza kuipiga na kuimba kwa sauti yako ile ya mbuzi, na watu wakacheza hivyo hivyo mpaka jioni. Ulipofika nyumbani ukasema tu, "Kahindo, ni pale peusi."

Pale peusi. Ulikuwa umenakili ile ampli kutoka kwa ampli ya zamani ya misheni, iliyoungua. Kila waya uliufuata kwa kidole, kila rezistansi uliisoma rangi zake. Ila pale katikati, kabla ya zile transista mbili kubwa, za 3055, plati inayobeba vipande vyote ilikuwa imeungua ikawa makaa, na hakuna aliyejua kilichokuwa pale. Ukiweka rezistansi ndogo, sauti ya chini inakwaruza kama kuku kwenye majani makavu. Ukiweka kubwa, sauti inakuwa asali, lakini transista zinapata moto, na zikipata moto zinavuta umeme zaidi, na zikivuta zaidi zinapata moto zaidi, mpaka moshi. Uliandikia watu Goma na Kampala. Barabara zilikuwa zimefungwa, au barua zilipotea, sijui. Hakuna aliyejibu.

Halafu Masika akapata mchumba. Kijana wa Beni, mwalimu, mpole, utampenda. Siku walipoleta mbuzi, Masika akanifuata kwenye atelye, akatazama juu ya kabati, akasema, "Shangazi, baba alisema hii njo itapiga siku yangu." Akaenda kusaidia mama yake kuosha vikombe.



Nikaenda Beni na wazee kupanga mambo ya harusi. Kule kanisani kuna bureau ya phonie, ile redio ya kusema na kujibiwa, ndiyo watu wanaitumia kuuliza kama jamaa zao wa vijijini wako hai, kama maharagi yametoka, kama mtu amezaa. Anayeishika ni Mama Furaha, mama mnene, shemasi wa kanisa, sauti yake inafika bila antena. Wakati nangoja nafasi ya kutuma salamu nikamsimulia mambo yako. Wala sikuomba kitu. Alivyomaliza ujumbe wa watu wote, akabonyeza micro, akamaliza kama wote wa phonie kwa À vous, yaani zamu yenu:

"Batu bote ba kwa frekansi, musikilize. Hapa Beni kuko dada moja wa Butembo. Anatafuta shema ya ampli, ile ya transista mbili kubwa za 3055. Mwenye iko nayo aseme. À vous."

Luofu ndiyo ilijibu ya kwanza. "Shema hatuna, mais tuko na ampli muzima ya korale ya kanisa, ilikufa. Huyo dada anaweza kuja kuitengeneza? À vous."

Halafu mwanaume mmoja wa Kalunguta: "Shema njo nini? Inalimwa?"

Tukacheka wote mle ndani. Halafu ikaja sauti nyembamba, kama inatoka ndani ya chupa.

"Beni, hapa Mutwanga. Miye naitwa Paluku, mulinzi wa parke ya wanyama. Kitabu niko nacho, cha Kifaransa. Ganda haina, mais ukurasa ya hiyo ampli iko. À vous."

Nikakaa chini, Yaya. Hakukuwa na kiti, nikakaa sakafuni.

Kwenda Mutwanga haikuwezekana. Wiki hiyo watu walikuwa wanapigana chini ya mlima, na pickup ya mwisho ilirudi na matundu ya risasi kwenye mlango. Mama Furaha akasema, "Donc atakusomea." Nikamwambia shema haisomwi, ni picha. Akanitazama kama namchosha. "Hata Bustani ya Edeni sikuiona. Nilisomewa."

Kesho yake, watu walipomaliza ujumbe wao, Paluku akaanza. Alisoma polepole, kama anasoma Neno. Mama Furaha alirudia kila kitu kwa sauti kubwa, na mimi nilichora nyuma ya kalenda ya zamani. "Transista ya tatu, base yake inaenda kwa rezistansi ya nne. Emeteri inashuka kwa masse." Mara moja alichanganya kolekteri na emeteri, ile miguu miwili ya transista, akakohoa, akasema, "Pardon dada, mulima iliingia kati."

Tulikuwa tumefika kwenye batri mbili zinazofuatana, wakati askari wawili walipoingia. Mmoja akaninyang'anya kalenda. Wakatupeleka, Mama Furaha na mimi, kwa komanda wao, nyumba ya pili kutoka kanisa.

Yaya, niliogopa. Unajua watu waliopelekwa pale kwa neno dogo kuliko lile. Nilikuwa nafikiri, Kavugho atapata habari kutoka kwa nani?

Komanda alikuwa mtu mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauliza kwa upole, na ule upole ndio uliniogopesha.

"Mama, njo base gani hiyo munasema kwa phonie?"

"Base ya transista, komanda."

"Na résistance? Résistance ya nani?"

"Ya... inapimwa kwa Ohm, komanda."

Askari mmoja akainama kwake. "Huyo Ohm njo chef yabo?"

Hakuna aliyecheka. Komanda akafungua kalenda, akaigeuza juu chini. "Émetteur ya kutuma ujumbe. Batterie mbili za mizinga. Puissance. Na hii carte. Hii barabara inatoka wapi, inaingia wapi?"

"Inatoka kwa micro, inaingia kwa bafle, spika," nikasema. "Ni mashini ya muziki. Kaka yangu ndiye aliitengeneza. Alikufa haijakamilika. Binti yake anaolewa."

Mama Furaha ndiye aliyesimama, bila kuambiwa asimame. "Komanda, kuya weye mwenyewe usikilize. Ukikuta ndani kitu cha vita, utufunge bote bawili. Mimi sikimbii, unaona vile niko munene."

Akaja. Yaya, alikuja kweli, akakaa kwenye kiti cha Mama Furaha, akavaa zile za masikio, spika ya redio bado wazi, akabonyeza, na Paluku, ambaye hakujua lolote, akaanza kugomba:

"Beni, mulienda wapi? Niko na kitabu kwa magoti saa yote hii. Tuko kwa ile transista ndogo ya katikati. Dada asikilize muzuri, juu hapa njo batu bengi banaharibu. À vous."

Komanda akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kwa micro, "Endelea. À vous."

"Hii ndogo haikae kwa plati. Inabandikwa kwa aluminiamu, karibu na zile kubwa mbili. Zile kubwa zikipata moto, na yenyewe inapata moto, halafu inazipunguzia umeme. Zinatulia. À vous."

Na komanda, badala ya kuniachia nafasi, akarudia mwenyewe, neno kwa neno, uso wake mkavu kama kwenye kazi: "Bien reçu. Ndogo inabandikwa kwa aluminiamu. Inapata moto, inapunguza umeme. Zinatulia. À vous."

"Beni, sauti imebadilika. Mama Furaha iko na mafua?"

Hapo ndipo tulipocheka. Hata yule askari wa chef Ohm alicheka. Komanda alirudia shema yote mpaka mwisho, akauliza mara mbili thamani ya kondansateri moja ambayo mimi ningeiacha ipite. Halafu akavua za masikio, akanirudishia kalenda.

"Siku ya harusi nitakuja," akasema. "Isipopiga, njo nitajua ilikuwa carte ya vita."

Nilirudi Butembo na maneno hayo kifuani. Nikashusha ampli kutoka kabati, nikafungua kitenge. Harufu ya ile resini yako bado ilikuwa ndani. Nililia kidogo, halafu nikawasha mbabula, nikatia chuma cha kulehemu kwenye makaa, nikafanya kazi. Ile transista ndogo niliibandika kwenye aluminiamu na gundi na kipande cha mika cha kuzuia umeme, vile Paluku alivyosema. Ilikuwa kitu kidogo hivyo, Yaya. Kama punje ya haragi. Ulikuwa umekaribia sana.

Nilipounga batri nilifungua sauti ya chini kabisa, pale ambapo ilikuwa inakwaruza. Ikatoka safi. Nikaiongeza. Nikaiacha ipige kaseti upande mzima, kidole kwenye aluminiamu, nangoja. Ikapata moto kidogo, ikaishia hapo. Kavugho alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga unadondoka chini, akasimama mlangoni. "Njo yenyewe?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kwenye kiti chako, hajawahi kukikalia, na tukasikiliza mpaka bugali ikaungua.

Sasa harusi. Masika alikuwa mzuri, Yaya, sitakudanganya kwa kumpunguzia. Tulipanga bafle kwenye uwanja wa kanisa, korale ikaimba, halafu tukafungua muziki. Komanda alifika kweli, akaomba kiti, akakiweka karibu na ampli, sio karibu na chakula. Wimbo wa kwanza, wa pili. Mimi sikumtazama bibi harusi, nilimtazama komanda. Baadaye akanyoosha mkono, akagusa aluminiamu, akautuliza pale.

"Inatulia," akasema. Akaondoa kofia, akaenda kupanga mstari wa wali kama watu wengine.

Na hapo Mama Furaha akaniita dirishani. Alikuwa ameivuta waya ya micro ya phonie mpaka ikafika kwenye dirisha la bureau. "Uko na bafle ingine?" akaniuliza. Nilikuwa nayo. Akamtazama komanda, komanda akatafuna nyama yake, akasema, "Dakika kidogo tu." Tukaielekeza bafle kwenye dirisha, Mama Furaha akabonyeza micro, akaishika hivyo, frekansi yote isikie.

Wimbo ulipoisha akaachilia. Kwanza mlio wa hewa tu. Halafu Luofu: "Beni, hiyo redio ya wapi?" Kalunguta: "Wekeni ingine." Halafu Paluku, ile sauti yake ya ndani ya chupa, na nyuma yake makelele ya watu wengi:

"Beni, hapa Mutwanga. Tumetoka inje bote. Babibi banacheza. Musikate."

Komanda hakukumbuka tena dakika zake. Mama Furaha alipochoka, Kavugho akapokea micro. Kavugho alipochoka, nikapokea mimi.

Yaya, niko naandika hii kwenye meza yako, mchana, mlango wazi. Nakuaga sasa, maana kuna mama amesimama hapa na redio yake chini ya kanga, na hataki kungoja. Nakuahidi hivi: barabara ikifunguka nitapanda pikipiki mpaka Mutwanga, nitengenezee watu wa kule ampli yao wenyewe, na ndani ya kifuniko nitaandika jina lako kwa rangi. Korale ya Luofu na yenyewe nitaifikia.

Wasingya, asante, Yaya, kwa kunifundisha kazi. Pumzika. Masika anasema nikuambie alicheza mpaka kiatu kikakatika, na akaendelea na kimoja.

Mdogo wako,
Kahindo