Nilikwenda Usoke Kumfumania Deus

Isevya, Tabora

Kaka Gerson,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu umepata nafuu. Pamba huko Nzega inasemaje? Sisi huku tunapumua, cherehani inazunguka, nashona sare za kwaya ya Moravian. Ila moyo, kaka, moyo haujatulia. Kwenye simu ungenicheka kabla sijamaliza, nami ningekata, ndiyo maana naandika.

Ni kuhusu kile kikao cha Jumapili nilichokuomba uje na Mzee Lugembe, mshenga wetu, mumhoji Julieth, na akishindwa kujieleza arudi kwao. Siku ile nilikuambia tu kwamba ana mwanamume. Sasa nakueleza yote.

Kazi ya mke wangu unaijua, anatunza programu inayosimamia makontena. Siyo yale ya bandarini uliyowatangazia wakwe zako, tafadhali! Wakulima wa tumbaku wamefungiwa kwenye mabani yao, yale majengo ya kukaushia, visanduku vidogo vya kuangalia joto wakati jani linakaushwa. Ndani ya kisanduku kila kazi imefungiwa kwenye kontena lake: hili linapima joto, lile unyevu, jingine linatuma ujumbe kwenye simu ya mkulima. Julieth anatunza programu mama, ile inayoyawasha na kuyazima, na ikikosea ni yeye wa kutafuta kosa. Hayo niliyajua. Nisiyemjua ni Deus.

Maana kutwa ni Deus. Chai hajamaliza, simu sikioni: Deus kanyamaza tena. Deus jana alikuwa sawa, leo hajibu. Msimguse Deus mpaka nije mwenyewe. Mara anacheka peke yake, eti Deus kaamka! Mimi nipo hapo hapo na cherehani yangu, nimenyamaza tangu asubuhi, wala haniulizi. Halafu akaenda Usoke, akalala huko, akarudi ananuka moshi na uso unang'aa. Nilipomuuliza alikuwa kwa nani, akajibu bila kupepesa macho kwamba alikuwa kwa Deus. Dharau gani hiyo? Ndipo nikakupigia simu.

Juzi nikaona Jumapili iko mbali mno. Nikamdanganya Julieth kwamba nafuata vitambaa Urambo, nikapanda basi, nikashuka Usoke. Nikaulizia alikofikia Julieth, nikaelekezwa kwa Mama Gaudensia, mjane mwenye bani, nikamwambia kwa ukali namtaka Deus. Akanitazama, akauliza kama mimi ni ndugu wa marehemu, maana mumewe Deus walimzika mwaka juzi. Nilipojitambulisha akaangua kicheko, akanishika mkono hadi kwenye bani, akanyoosha kidole ukutani. Kisanduku, kimeandikwa DEUS kwa rangi nyeupe! Marehemu ndiye aliyekuwa anakesha na moto, na kisanduku kiliporithi kazi yake, mama akakipa jina lake. Nimekwenda kufumania, nimefumania kisanduku.

Akanieleza na ugonjwa wenyewe, kama alivyoelezwa na Julieth. Betri ya sola ikishuka, kontena la joto lilikuwa linakufa, lakini programu mama haikufuta namba yake kwenye orodha ya yanayofanya kazi. Basi ikaendelea kuamini kwamba li hai, haikuwasha jingine, na moto ukapanda bila mtu kuambiwa. Bani zima nusura liungue. Julieth alikaa hapo kwenye gogo na kompyuta yake, akasoma kila kitu kisanduku kilichoandika tangu kianze kuzingua, bila haraka, bila kugomba, hadi akaliondoa kosa.

Ungedhani wivu uliishia hapo. Wapi! Ulizidi. Nilikionea wivu kile kisanduku njia nzima, mimi mtu mzima na ndevu zangu. Kikinyamaza, mke wangu anasafiri kwenda kukiuliza kimepatwa na nini. Nikinyamaza mimi, ananipita. Nilipofika nyumbani nilimtupia maneno hayo, na habari ya kikao nikamwambia. Hakulia. Alisema kisanduku kinaandika kila kinachokiuma. Mimi, akasema, ameniuliza mwaka mzima, nami namjibu sina kitu, basi akachoka.

Kaka, hili hata wewe hulijui. Mwaka jana, ile tuliyowaambia ni malaria haikuwa malaria. Julieth alikuwa na mimba ya miezi mitano, ikaharibika. Nilirudi kutoka hospitali nikakaa kwenye cherehani, na tangu siku hiyo sikulitaja. Kila alipocheka na huyo Deus nilimwona amesahau. Kumbe yeye, kila alipoisikia cherehani, alidhani mimi ndiye niliyesahau. Juzi ndiyo mara ya kwanza tumelia pamoja.

Kwa hiyo Mzee Lugembe mwambie abaki nyumbani, nitamwomba radhi mwenyewe. Ila wewe Jumapili njoo, na shemeji, mlale hapa. Njooni mtupe pole. Hatujawahi kupewa.

Julieth anakuamkia, shikamoo. Wabusu watoto kwa niaba yetu, na mama ukimpigia mwambie tu kwamba tuko pamoja.

Mdogo wako,
Nikolaus