Mguu wa Mshairi Carrabel

CHAMA CHA WAPENZI WA JOSSELIN CARRABEL, VILLESORGUE
Kumbukumbu za kikao cha Alhamisi, 14 Machi 2019, chumba cha juu cha halmashauri ya mji

Waliohudhuria: Bw. Gaspard Rouvière, mwenyekiti, mfamasia mstaafu, Bi. Odile Tastevin, mwoka mikate, Bw. Fulbert Causse, avaaye nguo za mshairi kwenye maandamano, Bi. Maëlle Kerjean, mwalimu wa historia, mjumbe mpya. Anselme Delpuech, mwalimu mstaafu, katibu.
Asiyehudhuria: Padri Lucas, kwa udhuru wa mazishi.

Neno la katibu. Tangu ujana wangu nimejua kwa nini mshairi wetu anachechemea, na sikumwambia mtu. Daktari ameniambia nisijisumbue kupanda nyanya mwaka huu. Kumbukumbu hizi zitasomwa kikao kijacho, na huenda mwandishi wake asiwepo. Kwa hiyo jambo hilo nimeliweka mwishoni, baada ya kazi ya kikao.

KUMB. NA. 1/2019: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti alieleza kwamba sanamu ya shaba ya mshairi itasimamishwa uwanjani mwezi Septemba, na kwamba msanii amepiga simu kuuliza jambo moja tu: Carrabel alichechemea mguu upi? Mwenyekiti alisema hilo ni la dakika tano.

KUMB. NA. 2/2019: MGUU UPI
Bw. Causse alisema ni wa kulia, kama inavyoonekana katika filamu iliyopigwa hapa mjini mwaka 1961. Bi. Kerjean alisema katika tamthilia ya televisheni, iliyokuja miaka ya themanini, ni wa kushoto. Mwenyekiti alimuuliza Bw. Causse yeye huchechemea upi kwenye maandamano ya Juni, mji mzima unapotembea kwa kuchechemea kutoka kanisani hadi kwenye kinu cha maji kwa heshima ya mshairi. Bw. Causse alijibu kwamba huanza na wa kulia, na ukichoka huhamia wa kushoto.

Bi. Tastevin: "Ndiyo maana mwaka jana ulinikanyaga, Fulbert. Mtu hajui unaangukia upande gani."

Bw. Causse: "Wewe jaribu kuvaa lile koti la manyoya mwezi wa sita, halafu tuzungumze."

Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 3/2019: KAMA ALICHECHEMEA KABISA
Bi. Kerjean alieleza kwamba Carrabel alikuwa askari wa miguu kwa miaka mingi, kisha akawafundisha dansi mabinti wa wakuu. Hakuna aliyeishi naye aliyetaja mguu mbovu. Kuchechemea hakuonekani popote kabla ya filamu. Televisheni iliiga filamu, ikakosea upande. Hata kifo ni hivyo hivyo: filamu ilimzamisha mtoni, televisheni ikampa sumu kwa mkono wa mke wa mtawala, ilhali kanisa liliandika kwamba alikula matikiti kupita kiasi.

Bw. Causse aliuliza kama basi yule mama wa sumu hakuwepo. Aliambiwa hakuwepo. Aliomba iandikwe kwamba mwaka jana alikataa, mbele ya watu wote, kumwekea mama huyo shada la maua.

Mwenyekiti: "Binti yangu, hata Napoleoni mimi namjua kwa sura ya yule wa televisheni ya Jumapili. Ukituondolea sinema, tutabaki na nani?"

Bi. Kerjean: "Na Carrabel, Bwana Mwenyekiti."

Mwenyekiti: "Yupi sasa?"

Msanii alipiga simu tena. Haikupokelewa.

KUMB. NA. 4/2019: MANENO YA BI. TASTEVIN
Bi. Tastevin aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

"Nilizaliwa na nyonga ya kulia iliyopinda. Shuleni waliniita Bata. Filamu ilipoonyeshwa hapa mjini, wale wale walionicheka wakaanza kugombania nani atatembea vizuri zaidi kama mshairi. Tangu hapo, siku moja kwa mwaka mji mzima unatembea kama mimi, na siku hiyo hakuna anayenitazama. Mkimnyoosha mguu huyo wa shaba, mtanirudisha uwanja wa shule. Basi."

Bi. Kerjean alisema hakujua.

Bi. Tastevin: "Ungejuaje, mwanangu? Wewe umetoka Brest."

Keki ya njugu za msituni aliyoileta Bi. Tastevin ilikatwa. Bi. Kerjean ndiye aliyegawa.

KUMB. NA. 5/2019: KURA
Waliotaka mshairi achechemee: Bi. Tastevin na Bw. Causse. Waliokataa: Bi. Kerjean na, kwa mshangao wa wote, Mwenyekiti, aliyesema hajawahi kumpa mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Bi. Tastevin hakumwangalia tena.

Kura zikawa sawa. Kwa desturi ya chama katibu hupiga ya mwisho. Katibu aliamua mshairi achechemee, mguu wa kulia.

Bi. Kerjean: "Mwalimu, wewe msomi! Umesikia niliyoyasema?"

Katibu alijibu kwamba ameyasikia na ni kweli yote, na kwamba sababu yake ataiandika. Bw. Causse alisema haelewi tena kitu, akaomba kipande kingine cha keki.

KUMB. NA. 6/2019: KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa moja na robo, bila Bi. Tastevin na Mwenyekiti kupeana mikono.

G. Rouvière, Mwenyekiti (sahihi)

Neno la katibu, kabla ya sahihi yake. Yule Carrabel anayeonekana kwa mgongo katika filamu, akivuka uwanja kwenye barafu, si mwigizaji. Mwigizaji alikuwa na mafua. Walitafuta kijana wa kimo chake wakanichukua mimi, mwalimu mgeni shuleni. Nilitembea mara tatu, na mwongozaji akanifokea: "Unatembea kama unaenda kusahihisha madaftari! Tembea kama mtu aliyezoea kuumia na bado anaenda." Sikujua mtu huyo hutembeaje. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemwona mmoja, binti mdogo wa mwoka mikate, akivuka uwanja huo huo na kikapu, bila kuanguka. Darasani nilikuwa nawaadhibu watoto waliomwiga. Mbele ya kamera nilimwiga mimi mwenyewe, na aibu hiyo ikanifunga mdomo.

Bi. Kerjean, Carrabel hakuchechemea. Odile, mguu ule ni wako.

A. Delpuech, Katibu (sahihi)